Nyumba ya Mwanachama: Halmashauri Zetu Zinaweza Kufanya Nini?

(Mada iliyotolewa Liganga mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe za kikundi kutimiza miaka kumi. Imechapwa kama ilivyosomwa, pamoja na maneno machache yaliyoongezwa wakati wa kuzungumza.)





Awali ya yote natoa shukrani kwa kualikwa. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii katika mkoa huu tangu ulipokuwa bado sehemu ya Iringa, nimestaafu, na siku hizi mtu mstaafu akialikwa mahali huenda mapema kabla waalikaji hawajabadili mawazo. (Kicheko.) Katibu ameniomba nizungumze juu ya nyumba, na jinsi serikali za mitaa zinavyoweza kumsaidia mtu wa kipato cha chini apate mahali pa kuishi pa heshima. Amenipa nusu saa. Nasikia harufu ya wali kutoka jikoni, kwa hiyo nitajitahidi.

Pengine wapo wanaojiuliza, sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa, habari ya nyumba inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Mwisho wa kila mwaka mkifungua kisanduku, zile kufuli tatu zikatoka, mkagawana, hebu mtu apite nyumba kwa nyumba aulize fedha zimekwenda wapi. Zipo zilizokwenda kwenye ada na mbolea ya viazi. Lakini nyingi utaziona juu ya paa. Bati kumi mwaka huu, mbao mwakani, saruji ya sakafu mwaka unaofuata. Chumba kimoja kinakwisha, mama anahamia, anaendelea na cha pili huku anapikia nje. Hivyo ndivyo tunavyojenga sisi, chumba kwa chumba, na hakuna benki inayotutambua katika safari hiyo. Kisanduku chenu ndiyo benki ya nyumba mliyonayo.

Nchi hii iliwahi kuwa na benki ya nyumba hasa. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973 na ikafa mwaka 1995. Hata ilipokuwa hai, aliyefaidika zaidi alikuwa mfanyakazi wa mshahara wa mjini. Shirika la Nyumba la Taifa nalo lipo tangu 1962, limejenga, linaendelea kujenga, lakini nyumba zake mama anayeuza viazi barabarani hazigusi. Kwa miaka mingi hesabu inayotajwa na Serikali ni kwamba nchi ina upungufu wa nyumba zipatazo milioni tatu, na mahitaji yanaongezeka kwa nyumba kama laki mbili kila mwaka. Mkoa wetu wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012 sensa ilihesabu watu 702,097. Sensa ya Agosti 2022 ikakuta watu 889,946. Hao wote walioongezeka wanalala mahali fulani, na wengi wamelala Makambako na Njombe mjini, katika vyumba vya kupanga.

Jirani zetu wa Kenya wameamua kukata asilimia moja na nusu ya mshahara wa mfanyakazi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, kwa sheria ya mwaka 2024. Sina nia ya kuwahukumu. Ila hapa Liganga nani ana mshahara wa kukatwa? Walimu, manesi na watendaji. Njia yetu lazima iwe nyingine, nayo inapita katika ofisi ya kijiji na katika halmashauri.

Ndugu zangu, halmashauri haina fedha za kujengea kila mtu nyumba, na anayeahidi hivyo wakati wa kampeni mpigieni makofi kisha mwendelee kupalilia. Halmashauri ina vitu vingine. Ina ramani na wapimaji. Ina kibali cha ujenzi. Ina sheria ndogo. Ina ushuru wa mbao na mazao. Na halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na kugawa ardhi hakuwezi kupita bila mkutano mkuu wa kijiji. Mwenye kushika ardhi na kibali ameshika zaidi ya nusu ya bei ya nyumba ya maskini.

Sasa nije nyumbani. Nyote mnajua tumekalia nini. Chuma cha Liganga kinakadiriwa tani milioni 126, na makaa ya mawe ya Mchuchuma tani milioni 428. Wazee wetu wamekuwa wakisikia habari za chuma hiki tangu ukoloni. Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, watu wakaanza kununua viwanja Ludewa mjini kama njugu. Halafu kimya. Uthamini wa mali za wananchi ulifanyika mwaka 2015, na fidia ikaja kulipwa mwaka 2023, zaidi ya shilingi bilioni 15 kwa wananchi zaidi ya elfu moja wa maeneo ya Liganga na Mchuchuma. Hesabuni wenyewe: kutoka 2015 hadi 2023 ni miaka minane. Miaka minane mtu hajui aezeke upya au aache, apande miti au asipande. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa uthamini alikuwa sekondari fedha zilipofika.

Nashukuru fedha zilifika. Lakini nataka tuangalie zilifika kwa namna gani, maana hapo ndipo somo la leo lilipo. Sheria ya ardhi inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Ndani yake kuna thamani ya ardhi na majengo, posho ya usumbufu, usafiri, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36. Yaani sheria yenyewe inakubali kwamba mtu aliyeondolewa atahitaji muda wa kupanga huku akijenga. Je, apange wapi? Nyumba za kupangisha ziko wapi hapa? Ajenge kwenye kiwanja gani kilichopimwa? Mtu alipewa fedha taslimu, na fedha taslimu haina paa. Penye mpango wa viwanja vilivyo tayari, fedha ile hugeuka nyumba ndani ya mwaka. Pasipo na mpango, inageuka pikipiki, inageuka ulanzi, na kwa baadhi ya akina baba, samahanini, inageuka mke wa pili. (Makofi kutoka kwa akina mama.) Msipige makofi sana, wapo hapa.

Na hilo ni la waliokuwepo. Siku mgodi utakapoanza kazi kwa nguvu zote watakuja wasiokuwepo: madereva, mafundi vyuma, wapishi, walinzi, wafanyabiashara wa mitumba. Barabara ya zege kutoka Lusitu hadi Mawengi, kilometa 50, imeshapunguza ugumu wa safari tuliouzoea wakati wa masika. Umeme wa gridi ulifika kusini kwetu mwaka 2018 kwa njia ile kubwa ya Makambako hadi Songea. Mambo haya ni mema, tuliyaomba. Lakini barabara inayoleta saruji kwa bei nafuu inaleta na dalali wa viwanja. Atakuja na kofia nzuri, atamkuta mjane mwenye shida ya ada, atanunua ekari kwa bei ya ng'ombe. Baada ya miaka mitano mtoto wa yule mjane atapanga chumba juu ya ardhi ya mama yake.

Makambako tuliliona jambo hili. Reli ya TAZARA ilipokamilika katikati ya miaka ya 1970, pale barabara kuu ya Zambia inapokutana na njia ya Songea, mji uliota kama uyoga baada ya mvua. Biashara ilikuja kwanza, nyumba zikafuata, na mpimaji akaja mwisho na misumari yake akakuta choo cha huyu kiko katika njia ya yule. Kurekebisha mji uliokwisha kujengwa ni ghali kuliko kuupanga kabla. Urasimishaji wa makazi, ule wa kupima nyumba zikiwa zimeshakaa, Serikali ilibidi iweke bei elekezi ya shilingi 150,000 kwa kiwanja kwa sababu wananchi walikuwa wanatozwa zaidi. Na hata hivyo katika miji mingi nchini yapo makampuni ya upimaji yaliyochukua michango ya wananchi na kazi haikukamilika. Kwa hiyo mimi nasema, ninyi ambao bado hamjabanana, mna bahati msiyoijua.

Mfanye nini? Sheria ya vijiji inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ile ya pamoja, ile ya watu binafsi na kaya, na ile ya akiba kwa ajili ya baadaye. Fungu hili la tatu ndilo watu hulisahau. Kijiji kikitengeneza mpango wa matumizi bora ya ardhi, kinaweza kuandika wazi: hapa ni akiba ya makazi, viwanja vya wanakijiji vitatoka hapa, haiuzwi kwa mgeni mpaka mkutano mkuu ukae. Tena kijiji kinaweza kusema viwanja vingapi vitatolewa kwa wajane, kwa mabinti waliorudi nyumbani na watoto, na kwa waliopisha mradi. Mpango ule hauzuii dalali asije, lakini unamfanya aulize ofisini badala ya kumuuliza mama mwenye shida gizani. Gharama kubwa iko katika posho na mafuta ya timu ya upimaji ya wilaya. Hapo ndipo halmashauri ya wilaya inapaswa kuingia.

Halmashauri itasema haina fedha. Mara nyingi ni kweli. Lakini katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitenga shilingi bilioni 50 kuzikopesha halmashauri bila riba ili zipange, zipime na zimilikishe ardhi. Utaratibu ni rahisi: halmashauri inakopa, inalipa fidia kwa mwenye shamba, inapima, inauza viwanja, inarudisha mkopo, na faida inabaki. Zipo zilizofanya vizuri na zipo zilizokopa na kuchelewa kurudisha, mpaka Wizara ikalalamika. Ninyi mnaolipa mkopo kwa riba kila wiki ya pili mkikaa kwenye mkeka, mna haki ya kuwauliza madiwani: mkopo usio na riba unashindikanaje kurudishwa?

Lakini hata hilo la kupima na kuuza lina mtego, na naomba akina mama mlisikilize vizuri. Jijini Dar es Salaam kuanzia mwaka 2002 kulikuwa na mradi mkubwa uliojulikana kama wa viwanja elfu ishirini. Viwanja vilipimwa vizuri kabisa, Bunju, Tuangoma, Buyuni na kwingineko. Fedha ilirudi, Serikali haikupata hasara. Ila mtu wa chini hakuweza kununua, maana viwanja vilikuwa vikubwa, bei ilikuwa ya mara moja na muda wa kulipa ulikuwa mfupi. Wenye uwezo walinunua viwili, vitatu, vikakaa miaka na nyasi. Ukipima kiwanja kikubwa ukakiuza kwa fedha taslimu, umemchagua mnunuzi kabla hujatangaza.

Zamani kidogo, katika miaka ya 1970, nchi hii ilijaribu kitu kilichokuwa karibu zaidi na hali yetu. Mradi wa viwanja na huduma, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ulipita Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, na baadaye Tanga, Tabora, Morogoro hata Iringa. Sinza na Kijitonyama mnazozisikia zilitokana na mradi huo. Serikali iliweka barabara, maji na mitaro, ikampa mtu kiwanja ajenge mwenyewe kidogo kidogo. Sinza ya leo ni ya wenye nazo, hilo najua. Walioanza wengi waliuza. Lakini ilijengwa, tena kwa mikono ya wenyewe. Na aliyekuwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Mijini katika nusu ya pili ya miaka ile alikuwa mwanamke, Mama Tabitha Siwale, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuwa mawaziri nchini, mwaka 1975. Baadaye, mwaka 1989, alikuwa mwanzilishi wa mfuko wa kuwaendeleza wanawake, WAT, ambao kazi yake kubwa ikawa kuwasaidia wanawake wapate nyumba na kuelewa haki zao za ardhi. Mtu aliyewahi kushika wizara ya nyumba aliona kazi imebaki, akaenda kukaa na akina mama kama ninyi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Chamazi. Nitaueleza kirefu kidogo, mnivumilie.

Kurasini, Dar es Salaam, nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa bandari. Wenye nyumba walilipwa. Wapangaji, kama kawaida, hawakulipwa kitu, na wengi wao walikuwa wanawake wenye biashara ndogo ndogo pale pale bandarini. Wale waliokuwa katika vikundi vya kuweka akiba, vikundi vya senti ndogo ndogo kama hiki, waliamua wasitawanyike. Kwa kushirikiana na shirika linaloitwa Centre for Community Initiatives, na vikundi vingine vya maskini wa mijini, walitafuta ardhi pembezoni mwa jiji wakapata Chamazi, ekari zipatazo 30, kwa shilingi kama milioni 24. Hiyo ilikuwa mnamo 2008 na 2009. Wakaandikisha ushirika wa nyumba. Ardhi ikawa ya ushirika, siyo ya mtu mmoja mmoja kuuza usiku.

Kisha wakaenda Manispaa ya Temeke. Ona hapa kazi ya serikali ya mtaa ilikuwa nini. Manispaa haikuwajengea. Ilikubali mchoro wa makazi wenye viwanja vidogo kuliko vilivyozoeleka, na ikakubali mtu aanze na chumba akaongeza baadaye. Basi. Kukubali kule kulikuwa na thamani ya mamilioni, maana kiwanja kikigawanywa mara mbili bei yake inagawanyika mara mbili. Matofali walifyatua wenyewe palepale, yale ya kufungamana, akina mama wakiwa ndio wafyatuaji. Walichimba visima. Haikuwa lelemama, watu walichelewa kulipa, wengine walikata tamaa kwa sababu Chamazi ilikuwa mbali na biashara zao za Kurasini. Makazi ya bei nafuu yakiwa mbali na riziki, nauli inakula nafuu yote. Hilo nalo tuliandike.

Nataka mtofautishe hadithi hiyo na ya Magomeni Kota. Pale kaya 644 zilihamishwa mwaka 2012 kwa ahadi ya kujengewa majengo mapya, na majengo yakazinduliwa Machi 2022. Ni majengo mazuri, ya ghorofa, ya fedha za Serikali Kuu. Miaka kumi ya kungoja. Kijiji hakiwezi kungoja ghorofa.

Sasa niseme juu ya watoto wetu wanaopanga Makambako na Njombe mjini. Binti anapata kazi dukani, anaambiwa chumba kipo ila kodi ni ya miezi sita, mwingine anadai mwaka mzima. Binti hajapata mshahara wa kwanza atatoa wapi kodi ya miezi sita? Anakopa, na wengi wanakopa kwenu. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji ana mkataba wake tu, na mara nyingi mkataba wenyewe ni wa mdomo. Halafu tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme ndiye anayelipa kodi ya nyumba isiyo yake, na akimwambia mwenye nyumba amkate kwenye kodi ya pango anaambiwa kama hutaki hama. Serikali ilisema arudishiwe. Nani anamsimamia?

Hapa halmashauri ya mji inaweza kitu ambacho hakihitaji hata jiwe moja. Iandae fomu moja ya mkataba wa pango kwa Kiswahili, ipatikane ofisi ya mtaa, isainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ikitaja kodi, muda, choo, maji na habari ya LUKU. Sheria ndogo inaweza kuhimiza kodi ya mwezi mmoja mmoja au miezi mitatu. Wenye nyumba watalalamika, na miongoni mwenu wamo wenye nyumba, nawaona. Hata ninyi fomu inawalinda, kwa mpangaji anayeondoka usiku na balbu zenu.

Nyumba pia ni vifaa. Mkoa huu unauza mbao nchi nzima, malori yanapita Makambako mchana na usiku yakiwa na paini zetu, halafu mama wa hapa hapa anashindwa kununua kenchi. Halmashauri inatoza ushuru wa mazao ya misitu. Kwa nini mwanachama wa kikundi kilichosajiliwa, anayejenga nyumba yake ya kwanza kwa miti aliyoipanda mwenyewe, asisamehewe ushuru kwa kipimo cha nyumba moja? Ni jambo la baraza la madiwani kukaa na wataalamu wao. Upande wa matofali, hapa tumezoea ya kuchoma. Yanafaa na baridi yetu, lakini angalieni milima ilivyobaki na visiki kwa ajili ya tanuri. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao ulianza kama kituo cha utafiti mwaka 1971, unafundisha tofali la udongo na saruji kidogo linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono na kufungamana lenyewe. Halichomwi, linaachwa kivulini na kumwagiliwa maji. Udongo si wote unaofaa, lazima upimwe kwanza. Usimwamini fundi anayesema udongo wowote sawa.

Na mashine hiyo mnaweza kuipata kwa mlango uliopo. Sheria ya mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kutorejeshwa, ikaanza tena mwaka 2024. Haitolewi kwa ajili ya kujenga nyumba ya mtu, inatolewa kwa shughuli ya kuzalisha. Vizuri, kufyatua matofali ni kuzalisha. Mnauza kwa jirani, mnauza kwa shule inayojenga madarasa, na mwanachama anachukua kwa bei ya kikundi. Kikundi chenu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vitabu vyenu ni safi kwa miaka kumi, nimeviona. Hamna sababu ya kuogopa mlango wa Afisa Maendeleo.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaangalia saa. Nimebakiza jambo moja, nalo ni zito.

Nyumba hii tunayoisema, jina la nani litaandikwa? Sheria zote mbili za ardhi za mwaka 1999, kifungu cha 3, zinasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kazi za mke nyumbani, kupika, kulea, kutunza, ni mchango katika mali ya ndoa. Watu husahau mwisho wa shauri lile: Bi Hawa mwenyewe hakupewa kitu, kwa kuwa mahakama ilisema fedha alizokuwa amepewa na mumewe kwa biashara alizitapanya. Wengine wakafaidi msimamo wake. Ninalisema hili ili msidhani sheria nzuri inatosha bila daftari. Wekeni risiti. Bati ulizonunua kwa mgao wa kikundi, risiti iandikwe jina lako, na katibu abaki na nakala. Hati ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili, ya mume na mke, na halmashauri ya kijiji inaweza kuwa na kawaida ya kuuliza kila anayeomba hati: mwenzako yuko wapi? Swali hilo peke yake, likiulizwa na mtendaji kila siku, lina nguvu kuliko semina kumi za kwetu sisi wastaafu. Na fidia nyingine itakapokuja, maana itakuja, mume na mke waitwe pamoja mezani, akaunti iwe ya wote wawili.

Katika Baraza la Ardhi la Kijiji wajumbe ni saba, na sheria inataka watatu wawe wanawake. Nimeuliza asubuhi kama tunawajua hao watatu wetu kwa majina. Mikono iliyoinuka ilikuwa michache. Hao ndio mtakaokwenda kwao siku shamba linapogombaniwa, kwa hiyo leo kabla ya kuondoka waonyeshwe hadharani.

Mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila miezi mitatu. Nimeshauriana na viongozi wenu, na barua imekwisha kuandikwa, iko kwa katibu. Inaomba mambo manne: kijiji kianze mpango wa matumizi ya ardhi wenye akiba ya makazi, eneo dogo litengwe kwa wanachama na wajane kwa viwanja vidogo vya kulipia kwa awamu, wilaya ilete mtaalamu wa kupima udongo wa matofali, na hati ziandikwe majina mawili. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji uko hapa, umesikia, na nashukuru hukukunja uso. Iwasilishwe mapema, kabla bajeti ya kijiji haijapanda kata na wilaya, maana kikishapita kipindi hicho mtaambiwa mngoje mwaka mwingine. Wanachama ambao hawajasaini wapite mezani kwa katibu kabla ya chakula. Wasiojua kuandika waweke dole gumba, wino upo.